Mhariri, marafiki wasipangwe chumba kimoja kwenye safari za masomo

Mhariri habari za kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, kwa hiyo ukiona nimezunguka sana we kata tu huko katikati lakini mwisho niachie, maana mwisho una ujumbe wa mtu.

Iko hivi. Wiki mbili zilizopita kuna mama mmoja namheshimu sana aliniita, akaniambia binti yake anaenda kusoma nje semesta moja, wanaenda kikundi, wanafunzi kama ishirini hivi na walimu wawili, na yeye kama mzazi kitu alichohangaikia mpaka kikaeleweka ni binti apangwe chumba kimoja na rafiki yake, maana wale wameshibana tangu wadogo, nguo wanaazimana, siri zote wanajuana. Akaniuliza, "Wewe mwanangu si uliwahi kwenda safari kama hizi, nimefanya vizuri eti?" Na mi kwa ile adabu ya kijinga nikajibu umefanya vizuri mama, hatokuwa mpweke. Usiku sikulala vizuri. Nimemdanganya mama wa watu.

Mi nilienda nikiwa mwaka wa pili chuo. Tulikuwa 16, tukakaa wiki 20. Fomu ya malazi ilikuwa na mstari unauliza ungependa kukaa na nani, nikajaza jina la rafiki yangu wa utotoni, na yeye akajaza langu, tukajua hiyo imeisha. Tumefika usiku tumechoka macho mekundu, listi inasomwa kwenye korido, nasikia jina langu linatajwa pamoja na la mtu ambaye darasani nilikuwa namjua kisogo tu kwa sababu alikuwa anakaa mbele. Rafiki yangu kapangwa jengo la ng'ambo. Kuuliza, mratibu anasema fomu zenu zilichelewa. Nilinuna Mhariri, nilinuna kama mtoto aliyenyimwa kukaa dirishani.

Na yule jamaa sasa! Simu yake inalia saa 10 na nusu alfajiri, kila siku, Jumapili imo. Anaizima haraka, anaamka kwa kunyata, anaenda kujifungia bafuni karibu saa nzima alafu anarudi kimya kama hakuna kitu. Wiki ya kwanza nikasema labda anasali, nikaheshimu. Wiki ya pili nikawa nasikia minong'ono, nikasema huyu anaongea na mchumba. Tukampa jina, Alamu, na kusema ukweli jina nililitunga mimi na nikalisambaza mimi.

Basi maisha yangu yakawa kipindi kikiisha tu nakimbilia jengo la ng'ambo kwa rafiki yangu. Tunacheka wenyeji wanavotembea kama wanakimbiza kitu, tunapiga selfi kila kona, tunaongea lugha yetu mpaka koo linakauka. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa tamu sana siwezi kudanganya. Baadaye nimekuja kusoma kuna mwanaanthropolojia anaitwa Kalervo Oberg, aliandika mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni, akasema mgeni anaanza na fungate, kila kitu anaona kizuri, alafu inakuja hatua ya kukereka na kila kitu, ndo baadae anaanza kupona na kuzoea. Mi fungate langu liliisha wiki ya nne, Jumanne.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kuwasilisha mbele ya darasa kwa lugha ya pale. Hiyo lugha nilikuwa naifaulu vizuri tu kwenye karatasi. Nikasimama, sentensi ya kwanza ikatoka, ya pili ikagoma, profesa akanisaidia neno nikalirudia vibaya, watu wawili wakacheka, tena wala sio kwa ubaya, nikakaa chini bila kumaliza. Nikaenda moja kwa moja kwa rafiki yangu. Na yeye akafanya anachofanya rafiki, akanitetea. Lugha yenyewe ndo mbovu, profesa hana adabu, waliocheka ni washamba, tukawasema wote mpaka usiku. Nikarudi nimefarijika kabisa na asubuhi yake sijui hata neno moja zaidi ya nilivokuwa najua jana.

Hapo Mhariri ndo penye hoja yangu. Rafiki wa zamani anakujua sana, na kule kukujua kwake kunakurudisha pale pale ulipo. Ukijaribu kuwa mtu wa kuamka mapema atakucheka, "we tangu lini?" Ukitaka kuongea na wenyeji kwa lugha yao atakuangalia kwa jicho la "leo umekuwa mzungumzaji". Hafanyi kwa roho mbaya, anakupenda, anampenda yule mtu aliyekuja naye na hataki apotee. Lakini si ulisafiri ili kidogo apotee jamani?

Haya, usiku ule ule kuelekea alfajiri tumbo likanivuruga, nikaenda bafuni sikugonga hata mlango. Namkuta Alamu kakaa ukingoni mwa bafu, taulo kalisukumia chini ya mlango ili sauti isinifikie kitandani, ana karatasi, anarudia neno moja. Moja tu. Lile lile lililonishinda mimi darasani jana yake. Tukaangaliana. Akasema, "Jana ingekuwa zamu yangu ningekaa chini kama wewe." Mtu ambaye darasani tulikuwa tunamuona bingwa, kumbe kila siku saa 10 na nusu anaamka kuhangaika na matamshi, na anajificha ili mi nisisumbuke usingizi, na mi huku nimempachika jina.

Tukahamia chumba cha mashine za kufulia chini kabisa ya jengo, maana mashine zikianza kuzunguka hakuna anayekusikia ukiharibu. Tukaweka sheria, ukimcheka mwenzako unamkunjia nguo zake zote mpaka soksi. Mi nimekunja soksi za yule jamaa nyingi mno. Kufua na kukausha ilikuwa inachukua kama saa moja na nusu, tukawa tunaenda mara mbili kwa wiki hata nguo zikiwa hazijachafuka vizuri. Mwanzoni ni maneno ya darasani, baadae tukawa tunaigiza, yeye muuza tiketi mi abiria nimepoteza begi, siku nyingine yeye daktari mi mgonjwa siwezi kueleza panaponiuma. Siku niliyokuja kupoteza begi kweli stesheni, nilieleza mwanzo mwisho bila kusimama, na yule wa kaunta hakujua tu kwamba hayo maongezi nilishayafanya mara kumi mbele ya mashine ya kufulia.

Kuna mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, mwaka 2018 alitoa utafiti kuhusu urafiki unachukua saa ngapi. Alikuta kutoka kufahamiana mpaka kuwa marafiki wa kawaida ni kama saa 50 za kukaa pamoja, urafiki wenyewe kama saa 90, na urafiki wa kushibana unavuka saa 200. Nikakaa nikapiga hesabu. Saa 3 kwa wiki, na kuanzia ile wiki ya nne zilikuwa zimebaki wiki 16, inakuja saa 48. Yaani kufua nguo peke yake karibu kulitosha kumtoa Alamu kwenye kisogo akawa rafiki wa kawaida, bado hujaweka zile za chumbani taa zikishazimwa, ambazo ndo mtu anasema ya moyoni kwa sababu haoni uso wako.

Lakini kuna kitu kwenye utafiti ule ule ambacho waandaaji wa safari hizi wangekijua wangebadilisha ratiba zao. Hall alikuta saa ambazo watu wanakutanishwa na kazi au darasa hazijengi urafiki kama zile za kukaa tu, kupiga soga, kutaniana. Sasa angalia ratiba tuliyopewa sisi. Asubuhi darasa, mchana makumbusho, jioni mhadhara, Jumamosi basi linaondoka saa 1 asubuhi kwenda kuona ngome fulani, Jumapili ripoti ya ngome. Tulikuwa pamoja muda wote alafu hatuko pamoja, kila mtu kashika daftari anamfuata mtu mwenye bendera. Nimesoma kwamba moja ya safari za mwanzo kabisa za aina hii ilikuwa mwaka 1923, mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Delaware kule Marekani, Raymond Kirkbride, aliwachukua wanafunzi 8 akaenda nao Ufaransa kusoma, na walienda kwa meli. Mi nawaonea wivu kwa hiyo meli tu. Siku kadhaa baharini, hakuna ngome, hakuna makumbusho, mko wanane na maji. Sisi ndege inakushusha asubuhi na kesho yake uko kwenye foleni ya makumbusho na mtu ambaye hujui hata kama ana ndugu wangapi.

Kwa hiyo nikiulizwa mi, kila wiki iachwe mchana mmoja mtupu kabisa, hata hiyo "shughuli huru ya hiari" isiwepo. Watu watalalamika wiki ya kwanza kwamba wanaboreka. Waache waboreke.

Narudi kwa rafiki yangu wa utotoni, maana hii sehemu ningeweza kuiruka nikaonekana mtu mzuri. Kadiri nilivyokuwa nashuka kufua na Alamu ndivyo yeye alivyokuwa ananuna, na kwa nini asinune, nilipunguza kwenda kwake bila kumwambia sababu. Kwake nilikuwa nimemwacha na watu asiowapenda ugenini. Wiki ya tisa tukaja kugombana kwa kitu cha kijinga, vyombo vichafu jikoni na hela ya mchango wa sabuni, nani katoa nani hajatoa, na katikati ya makelele akasema, "We siku hizi una watu wako." Kumbe maneno yalikuwa hayo tu, sabuni ilikuwa kisingizio.

Kikundi kikagawanyika. Grupu la WhatsApp la watu wote likawa kimya, alafu siku moja mtu akakosea akatuma humo ujumbe uliotakiwa kwenda kwingine, "msimwambie fulani", na huyo fulani ni mimi. Ndo nikajua kuna grupu la pili. Ule ujumbe ulifutwa ndani ya dakika moja lakini dakika moja ni nyingi. Siku tisa watu wanapishana kwenye ngazi kama hawajuani. Huwa nasikia waandaaji wanasema kikundi kikigombana safari imeharibika, mi siamini. Bruce Tuckman mwaka 1965 alieleza vikundi vinavyokua, kwamba watu wanakutana, wanagombana, wanawekana sawa, ndo wanaanza kufanya kazi, yaani ugomvi uko kwenye njia yenyewe. Ila asikwambie mtu kwamba hiyo hatua ya pili inafurahisha. Nililia bafuni, taulo nimeliziba chini ya mlango.

Hatukusuluhishwa na walimu, walitukalisha kwenye duara tukaongea uongo tukainuka. Aliyemaliza ni dada mmoja ambaye hata hatukuwa tunamsikia sikia, asubuhi moja tumekuta kabandika karatasi juu ya sinki, zamu za vyombo, siku tatu za kwanza kajiandika yeye mwenyewe jina. Hakusema neno. Siku ya kwanza kaosha peke yake, siku ya pili nikaenda kumsaidia kwa aibu tu, nakuta rafiki yangu yuko pale anafuta sahani. Tukafuta. Sio kwamba tulikumbatiana, aliniuliza kitambaa kingine kiko wapi, nikamuonyesha.

Kuna ushauri mwingine tulipewa kabla ya kuondoka na nadhani kila anayesafiri anapewa, msikae wenyewe kwa wenyewe, changamaneni na wenyeji. Nusu yake ni kweli. Mwanasaikolojia Stephen Bochner na wenzake mwaka 1977 waliwaangalia wanafunzi wa kigeni wakakuta kila mmoja ana duara tatu za watu, wa kwao, wenyeji, na wageni wenzake kutoka nchi zingine, na kila duara ina kazi yake. Wenyeji mara nyingi walikuwa wa kusaidia mambo ya masomo na taratibu za pale, wageni wenzake wa kujifurahisha, na wa kwao ndo wale ambao kwao hahitaji kujieleza. Mi nimeliona hilo kwa macho. Wenzetu wawili walioamua kabisa kutokutana na sisi ili wachangamane, mmoja alifanikiwa na nampongeza, mwingine mwezi wa pili alikuwa anakaa peke yake hana wenyeji hana sisi. Ninachopinga sio kukaa na wa kwenu. Ninachopinga ni kukaa na yule yule mmoja wa kwenu ambaye mlikuwa mnakaa naye kabla hamjapanda ndege.

Na mtu asije akasema nataka watoto wateseke. Kama mtu ananyanyaswa chumbani, au kuna wizi, au anatishwa, ahamishwe siku hiyo hiyo na mjadala uje baadae. Nazungumzia kero za kawaida, huyu anaamka mapema, huyu anapenda dirisha wazi. Hizo zipewe kama wiki sita kabla mtu hajaruhusiwa kuomba kuhama, maana mi kama ningeruhusiwa wiki ya pili ningekuwa nimeshahama. Tena nafikiri watu wanadanganyana kuhusu lini ugumu unakuja. Sverre Lysgaard mwaka 1955 aliwahoji watu 200 wa Norwei waliowahi kwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright akaona waliokaa kati ya miezi 6 na 18 ndo walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa pungufu au zaidi ya hapo. Alafu mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake wakawafuatilia wanafunzi wa Kijapani kule New Zealand wakakuta ugumu mkubwa uko mwanzoni kabisa. Kwa hiyo kila mtu ana Jumanne yake, na ikifika cha muhimu ni nani yuko karibu.

Wazazi nao, naomba nisitukanwe, ile simu ya video kila usiku ipunguzeni. Mama yangu alikuwa ananipigia muda ule ule ambao wenzangu wanakaa jikoni wanapiga soga, na siwezi kumkatia mama. Tukakubaliana mara mbili kwa wiki baada ya mimi kujikaza kumwambia, na kule kujikaza nako kwa mtu wa umri wangu wakati ule lilikuwa jambo kubwa.

Kurudi nyumbani hakuna aliyetuandaa. Unarudi umejaa hadithi, siku tatu watu wanasikiliza, siku ya nne ukianza "kule sisi tulikuwa" mtu anatafuta rimoti. Nilikuwa nashikwa na unyonge nyumbani kwetu kitandani kwangu, nikaona labda naumwa. Kumbe kina Gullahorn, mume na mke watafiti, walishaliandika hilo mwaka 1963, kwamba ukirudi unashuka tena kama ulivoshuka ulipofika. Aliyenielewa ni Alamu peke yake, alinipigia saa 10 na nusu alfajiri akasema najua uko macho. Na nilikuwa macho.

Utafiti wa Zimmermann na Neyer wa mwaka 2013, wanafunzi zaidi ya 1,000 Ujerumani, uliona waliokwenda kusoma nje walirudi wakiwa wazi zaidi kwa mambo mapya na watulivu zaidi kuliko waliobaki, na sehemu ya mabadiliko hayo ilielezeka na watu wapya waliojuana nao huko. Watu wapya, Mhariri. Ngome sikumbuki hata moja ilijengwa lini.

Wale 16 nao tusijidanganye, grupu lilichangamka miezi miwili, sasa hivi ni heri ya siku ya kuzaliwa na keki ya kuchora. Sioni ubaya. Rafiki yangu wa utotoni bado ni rafiki, tunasalimiana, tunasaidiana, lakini kuna chumba kati yetu ambacho hatuingii, na siku moja aliniambia angependa na yeye angepangwa na mtu kama Alamu. Alikuwa kapangwa na nani? Na mtu aliyesoma naye shule moja.

Sasa ule ujumbe. Mama, ukisoma hapa utajijua kwamba ni wewe. Nisamehe kwa jibu nililokupa siku ile, nilikuwa naogopa kukuvunja moyo baada ya kuhangaika kote kule. Binti aliniambia mwenyewe kwamba listi ya vyumba inafungwa mwisho wa mwezi. Bado kuna siku za kutosha, aandike barua pepe fupi tu kwa mratibu, aombe apangwe na yeyote ambaye hamjui, na huyo rafiki yake naye afanye hivo hivo. Kama hapendi kuandika aje kwangu nitamsaidia kuiandika, jioni yoyote nipo.

Wako msomaji,
(jina unalo Mhariri, usilichape)